Waifai ya Nyumba ya Ukoo: Nani Hulipa, Nani Hupata?



Wapenzi wasomaji, leo safu yetu inaingia katika jambo ambalo wengi wetu huwaachia mafundi na vijana, nalo ni kufunga intaneti isiyo na waya, yaani waifai, katika nyumba kubwa inayokaliwa na aila zaidi ya moja. Nimeazimia kuliandika kwa sababu limetokea nyumbani kwetu, na kwa sababu ndani yake mlikuwa na haki ya mtu iliyopotea kwa muda wa miezi mitano bila ya yeyote kati yetu kukusudia.

Nyumba aliyotuachia marehemu baba yetu iko Mji wa Kale, Mombasa, na ina milango minne chini ya paa moja. Ghorofa ya pili anakaa kaka yetu mkubwa na aila yake. Ghorofa ya kwanza, upande wa njiani, ni kwa mdogo wetu na mkewe. Upande wa nyuma ni kwangu mimi, wanangu na mama yetu mzazi, kwani mume wangu yuko kazini Muscat. Chini, penye ukumbi wa zamani, anakaa wifi yangu, mjane wa ndugu yetu aliyetangulia mbele ya haki, pamoja na watoto wake watatu. Nyumba za namna hii ni nyingi katika pwani yetu, na huenda nawe msomaji unayasoma haya ukiwa katika mojawapo.

Mwaka jana tuliafikiana kuvuta intaneti ya faiba. Kila mlango ulikuwa na haja yake. Kaka ana kazi ya hesabu anayoifanyia nyumbani, mdogo wetu anasoma chuo, mimi nilitaka kumwona mume wangu angalau kwa video, na wifi yangu hupokea oda za keki na vitafunio kwa WhatsApp, na hiyo ndiyo riziki ya watoto wake. Bei ilikuwa shilingi 3,000 kwa mwezi kwa kasi ya megabiti 20 kwa sekunde. Tukagawanya kwa minne, kila mlango shilingi 750, na sote tukaridhika kuwa huo ndio uadilifu. Mkataba uliandikwa kwa jina la kaka, hivyo ruta ikafungwa sebuleni kwake, juu kabisa. Mama alipoliona neno "Wi-Fi" katika karatasi ya fundi alilisoma kwa Kiswahili chake, akauliza kwa mshangao, "Wifi? Nani tena aliyeoa humu ndani bila ya kuniarifu?" Tulicheka siku nzima.

Miezi mitano ikapita. Mimi nilikuwa nikizungumza na mume wangu kila usiku, na picha ikikatika-katika nilisubiri kidogo ikarudi. Sikuwa na sababu ya kuuliza hali ya mwengine.

Usiku mmoja baada ya sala ya Isha nilikuwa nikishuka kwenda kufunga mlango wa nje, nikamkuta mtoto wa kwanza wa wifi yangu amekaa gizani kwenye ngazi, simu mkononi, daftari juu ya magoti.

"Mbona umekaa hapa, baba?"

"Huku ndiko inakoshika, shangazi. Chini haifiki."

"Tangu lini?"

"Tangu ilipofungwa."

Nikashuka kwa mama yake. Alikuwa akipanga visanduku vya keki za asubuhi. Nilipomuuliza alinyamaza kwanza, kisha akasema, "Wifi yangu, nilimwambia fundi siku ile ile, akanijibu kuwa itatulia. Baadaye nikaona nikizidi kusema nitaonekana nalalamika katika nyumba ya watu. Naweka bando kwenye simu, kazi inakwenda."

Nyumba ya watu! Neno hilo lilinikosesha usingizi. Ndugu yetu alifariki baada ya baba, na fungu lake la mirathi limo katika kuta hizi. Wanawe ni warithi wake, na mjane wake ana thumuni yake. Alikuwa akilipa shilingi 750 kila mwezi kwa kitu kisichomfikia, kisha akitoa pesa nyingine kununua bando. Kwa miezi 5 hizo ni shilingi 3,750. Sisi wa juu tulikuwa tukistarehe kwa mchango wa mjane na mayatima. Hapana aliyekuwa na nia ya dhulma. Tulichokosa ni kuuliza.

Ukuta, si kifurushi

Kaka aliposikia alisikitika sana, na jawabu lake la kwanza lilikuwa lile ambalo wengi wangelitoa: tuongeze pesa, tuchukue kifurushi cha kasi kubwa zaidi. Lau tungefanya hivyo tungekuwa tumemtoza wifi yangu zaidi kwa kitu kile kile asichokipata. Kifurushi ni mfano wa maji yanayoingia tangini, na waifai ni bomba la kuyafikisha chumbani. Kujaza tangi hakumsaidii ambaye bomba lake limeziba.

Mwaka 2009 mikongo ya SEACOM na TEAMS ilifika Mombasa kupitia chini ya bahari. TEAMS ilitokea Fujairah, katika Falme za Kiarabu, ikaipita bahari ile ile waliyoipita wazee wetu kwa majahazi. Fikirini basi: intaneti huvuka maelfu ya kilomita baharini, ikafika hadi sebuleni kwa kaka, kisha ikashindwa kushuka ghorofa mbili. Sababu yake ni namna nyumba zetu zilivyojengwa. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zina unene wa karibu dhiraa moja, na dari zake, zilizolazwa juu ya boriti za mikoko, nazo ni nene. Isitoshe, boriti ya mkoko haiwezi kuvuka nafasi pana, ndiyo maana vyumba vya kale ni vyembamba na virefu, na mtu akitoka mbele kwenda nyuma huvuka ukuta baada ya ukuta. Waifai ni mawimbi ya redio, na kila ukuta hupunguza nguvu yake. Mabati, vioo vikubwa vya kujitazamia na matangi ya maji huizuia vilevile.

Ruta nyingi za siku hizi hutoa mawimbi ya aina mbili. Yale ya gigahezi 2.4 hupenya kuta vizuri zaidi, ila kasi yake ni ndogo na katika mitaa yenye nyumba zilizobanana hugongana na mawimbi ya majirani. Yale ya gigahezi 5 yana kasi kubwa lakini ukuta mmoja mnene huweza kuyamaliza. Hakuna ruta moja, hata iwe ya bei gani, itakayoshinda nyumba ya mawe ya ghorofa tatu kwa kuwekwa pembeni mwake.

Kipimo ambacho kila mmoja anaweza kukifanya

Kabla ya kununua chochote, tulipima. Tulichukua simu moja, ile ile kwa nyumba nzima, tukafungua ukurasa wa kupimia kasi ya intaneti. Tulipima kwanza hatua moja kutoka kwenye ruta, kisha katika kila chumba, milango ikiwa imefungwa kama inavyokuwa usiku. Kila jibu tuliliandika kwenye karatasi pamoja na saa. Kando ya ruta tulipata megabiti 19. Kwa mdogo wetu tulipata 8, chumbani kwangu 6. Ukumbini kwa wifi yangu simu ilionyesha jina la waifai kwa mstari mmoja hafifu, na kipimo hakikumalizika.

Karatasi hiyo ilimaliza ubishi. Ikiwa kando ya ruta unapata karibu na kile unacholipia, lakini chumbani hupati, basi kampuni imetimiza wajibu wake na tatizo limo ndani ya nyumba. Ikiwa hata kando ya ruta hupati, hapo ndipo pa kuipigia simu kampuni. Pia si lazima kasi iwe kubwa mno. Video ya ubora wa kawaida hutosheka na megabiti 3 hadi 5 kwa sekunde, na ujumbe wa maandishi huhitaji kidogo sana. Megabiti 20 zikifika kila mlango, nyumba nne zinaweza kuishi kwa amani.

Waya kwanza, kisha waifai

Fundi mmoja alitaka kutuuzia kifaa cha kuchomeka kwenye soketi ili kirefushe mawimbi. Vifaa hivyo vina manufaa katika nyumba yenye kuta nyepesi, lakini kumbukeni kwamba hupokea mawimbi yale yale na kuyarusha tena. Kikiwekwa mahali palipo na mawimbi hafifu, hurusha uhafifu huo. Na vile vya bei nafuu, kwa kuwa hupokea na kurusha kwa redio moja, hupunguza kasi kwa karibu nusu.

Tulichokifanya sisi ni kuteremsha waya wa mtandao kutoka kwenye ruta ya kaka hadi ghorofa ya kwanza na hadi chini, na kuweka ruta ndogo mwishoni mwa kila waya. Waya haujali unene wa ukuta, na huweza kufika mita 100 bila ya kudhoofika. Yapo mambo matano ambayo ningependa mwenye nyumba ayashike anapozungumza na fundi.

La kwanza, waya upite palipokwisha kuwa na uwazi: pembeni mwa ngazi, katika ua wa ndani, au kwenye tundu la bomba la zamani. Mawe ya matumbawe hubomoka yakitobolewa kwa pupa. Isitoshe, Mji wa Kale wa Mombasa ni eneo la hifadhi, na Mji wa Kale wa Lamu umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001. Kwa hiyo kabla ya kugusa ukuta wa mbele, ulizeni ofisi ya hifadhi.

La pili, waya wa mtandao usifungwe bega kwa bega na waya wa stima. Uachiwe nafasi.

La tatu, ulizeni ikiwa nyuzi za ndani ni za shaba tupu. Zipo za alumini zilizopakwa shaba, nazo ni rahisi kukatika. Kwa hewa yetu ya chumvi, viungo visiachwe wazi palipo na upepo wa bahari.

La nne, ruta ndogo ziwekwe kama visambazaji tu, kazi ya kugawa anwani za vifaa ikiachiwa ruta kubwa, na zote zipewe jina moja na neno la siri moja, ili simu ihame yenyewe mtu anapopanda na kushuka.

La tano, katika gigahezi 2.4, visambazaji vilivyo karibu vipewe chaneli tofauti kati ya 1, 6 na 11, kwani hizo tatu haziingiliani.

Jioni ile ile fundi alipomaliza tulipima tena. Ukumbini kwa wifi yangu tulipata megabiti 17.

Hesabu iliyosawazishwa

Ruta mbili ndogo zilitugharimu shilingi 7,000, waya shilingi 2,400, na ujira wa fundi shilingi 2,000; jumla shilingi 11,400. Sisi watatu wa juu tulikubaliana kuzilipa zote bila ya kumhusisha wifi yangu, tukadhani tumefanya wema. Tulipomweleza alikataa. "Sitaki sadaka," alisema. "Nataka haki yangu, nami nitoe haki yangu."

Mama ndiye aliyekata shauri. Gharama zikagawanywa kwa minne, kila mlango shilingi 2,850. Kisha zile shilingi 3,750 alizolipa wifi yangu bure zikahesabiwa kuwa ni deni letu sisi watatu. Likatolewa fungu lake katika deni hilo, akabakiwa na shilingi 900, naye akakabidhiwa mkononi mbele ya wote. Sijaona shilingi 900 zilizoleta utulivu kama huo nyumbani. Tangu siku hiyo ameanza kusema juu ya mambo mengine pia, kuanzia bomba la chini linalovuja hadi taa ya ngazini, na yote alikuwa akiyanyamazia.

Amana ya mwenye funguo

Baada ya hapo tulikaa kwa mashauriano na kuandika makubaliano ya ukurasa mmoja. Nawashauri nanyi mfanye hivyo, hata baina ya ndugu wa tumbo moja, kwani kuandikiana hakuondoi mapenzi. Sisi tuliandika ni tarehe ngapi mchango hutolewa, nani huulipa kwa kampuni, na kwamba risiti huwekwa kwenye kundi la familia. Tuliandika kwamba mlango ambao haupati intaneti kwa wiki nzima haulipi wiki hiyo, na kwamba mtu akihama au akipata dhiki atasema mapema ili mashauri yafanywe kwa sitara.

Neno la siri la kuingilia waifai ni jambo moja, na neno la siri la kuingilia ruta yenyewe ni jingine. La pili ndilo kubwa, kwani mwenye nalo huweza kumkatia mwengine intaneti, na katika baadhi ya ruta huweza kuona ni vifaa gani vimeunganishwa na hata kurasa zilizofunguliwa. Hiyo ni amana. Kwetu linashikwa na watu wawili, kaka na wifi yangu, mmoja juu na mmoja chini. Haijuzu kuligeuza kuwa dirisha la kuchungulia siri za mke wa ndugu au za mama mkwe. Neno lililokuja na ruta kutoka kiwandani libadilishwe siku ya kwanza, ulinzi uwekwe WPA2 au WPA3, na kile kitufe cha kuunganisha bila ya neno la siri kizimwe.

Wageni nao wana haki yao. Ruta nyingi huruhusu waifai ya pili kwa ajili ya wageni, yenye neno lake la siri, ambayo haigusi simu na kompyuta za watu wa nyumbani. Tumeiwashia hiyo kwa siku za harusi, matanga na Idi, kisha hubadilishwa neno lake. Kabla ya hapo vijana wasiojulikana walikuwa wakijazana barazani kwetu hadi usiku wa manane, wanawake wakiona haya kutoka na kuingia. Ama jirani mwenye shida, msaidieni kwa njia iliyo wazi, na someni mkataba kwanza, kwani kampuni nyingi haziruhusu intaneti ya nyumba moja kusambazwa nyumba nyingine.

Watoto wetu

Sitamaliza bila ya neno kwa wazazi. Intaneti ikishafika kila chumba, imefika pia chini ya shuka la mtoto. Katika ruta unaweza kuweka saa za vifaa vya watoto kuzimika; kwetu ni saa nne za usiku. Unaweza pia kuelekeza ruta itumie huduma ya majina ya mtandao yenye kichujio. Cloudflare, kwa mfano, wanatoa bila ya malipo anwani 1.1.1.3, ambayo huzuia kurasa chafu na zile zenye virusi. Inaandikwa mara moja katika ruta kubwa na kuilinda nyumba nzima.

Hata hivyo msiweke tegemeo lenu lote hapo. Mtoto mwenye bando lake huipita ruta, na mjanja huzijua njia za kukwepa kichujio. Kwa nyumba ya watu wengi lipo jambo jepesi zaidi: sisi tumekubaliana kwamba simu na kompyuta za watoto hutumika ukumbini chini, mbele ya watu, na mtu mzima yeyote aliyepo ana ruhusa ya kuuliza, awe mama, ami, shangazi au nyanya. Ukumbi ule ambao intaneti ilikuwa haiufikii sasa ndio darasa la nyumba nzima. Wanangu hushuka baada ya Magharibi na madaftari yao, na binamu yao mkubwa, yule niliyemkuta ngazini, huwasaidia hesabu wakati mama yake akijibu oda zake kwenye meza ya pili.

Basi, ndugu zangu, jioni ya leo chukueni simu moja na karatasi, mzunguke nyumba yenu chumba kwa chumba. Anzeni na chumba cha yule asiyezoea kusema.

Mwenyezi Mungu atujaalie uadilifu katika madogo na makubwa. Wabillahi tawfiq.